Nguo za Kumdanganya Paa

Jumamosi, mwezi wa kumi. Brussels. Mvua ni ile ya huku, hainyeshi wala haiachi, imekaa tu hewani kama mgeni asiyejua kuaga.

Shajara yangu, leo sina raha, lakini adabu kwanza. Najua baada ya adhuhuri dada Mwajuma atafungua simu kule Handeni awasomee wote barazani kurasa hizi ninazowatumia, basi naanza na wenyewe.

Mama yangu mzazi, shikamoo. Jicho lililotolewa mtoto wa jicho linaendeleaje, usilifikiche. Kaka Omari, shikamoo wewe na goti lako. Wifi Zuhura, najua hujambo, sauti yako hufika kabla ya simu kulia. Shangazi Mwanamkuu, shikamoo, dawa ya miguu nimempa mtu anayekuja mwisho wa mwezi. Rukia na mzigo wako tumboni, kaa kitako, mwache mumeo achote maji. Watoto wa Omari kwa mpangilio wenu, Hamisi, Salma, Kibwana na yule mdogo ambaye jina lake sijalizoea, shikamoo zenu nimeshazipokea hata kama hamjaamkia. Mzee Mhina jirani, shikamoo, mbuzi wako wasile mchicha wa mama. Na wewe dada Mwajuma msomaji, hujambo, soma polepole na usiruke mahali.

Niliyemsahau asinune. Kichwa changu leo hakipo hapa.

Kipo msituni.

Mwanangu Shabani ameondoka saa kumi na moja alfajiri. Amekwenda Ardeni, huko kwenye misitu, mwendo wa saa mbili kwa gari, kuvizia paa na babu wa mchumba wake. Amevaa nguo za mabaka juu mpaka chini. Simu ameizima, eti paa husikia. Sasa hivi ni saa nne na nusu na mimi nimekaa jikoni naandika, chai imepoa mara mbili.

Nieleze taratibu, maana Mwajuma ataulizwa maswali.

Shabani anataka kumuoa Klemansi. Huyu binti hana baba wala mama, kalelewa na babu yake, Bwana Gustavu, mzee aliyepita miaka sabini na mitano. Binti mwenyewe sina neno naye. Anakula ugali kwa mkono na sahani yake anaosha. Lakini hataki kuolewa bila neno la babu, na kwa hilo namheshimu. Babu neno halitoi. Kila Shabani akienda, mzee anamweleza habari za mbwa, za bunduki, za paa wa mwaka fulani, mwisho anamshikia mlango. Sasa mwezi uliopita kasema mjukuu wake haolewi na mtu ambaye yeye hajakaa naye msituni. Mtu humjui mezani, kasema. Unamjua akinyamaza.

Maneno hayo si mabaya. Hata baba yetu angeyasema.

Shida ni mikono.

Mzee huyo alipokuja kwangu hapa Schaerbeek mara ya kwanza, kikombe kilikuwa kinalia kwenye kisahani chake kama njuga. Mikono hiyo ndiyo inayoshika bunduki leo. Shabani hana kibali cha bunduki, yeye anakwenda kukaa kimya na kutazama. Wana dungu kule msituni, kama lile letu la kulindia mahindi. Mzee anakaa juu ya dungu. Mwanangu anakaa chini, kwenye majani, hatua thelathini mbele, aangalie njia ya pili.

Mzee anayetetemeka yuko juu na bunduki. Kijana wangu yuko chini, amevaa nguo za kumfanya asionekane.

Nani aliyekaa akafikiri jambo hili akaona ni sawa?

Na huyu Bwana Gustavu, msishangae, anasema Kiswahili. Alizaliwa Katanga, kule Kongo, enzi zao, akaondoka akiwa kijana. Siku ile hakupiga hodi. Aliingia, akakaa, akasema, "Mama, lete kahawa." Ndani ya nyumba yangu. Nikaleta. Akasema, "Toa sukari." Nikatoa. Nikataka kumwuliza habari za safari, akasema, "Ngoja," akaanza kutafuta miwani.

Nilisonya moyoni mpaka meno yakauma.

Alipoondoka Shabani akaniambia, mama, mzee anajitahidi. Nikalala nalo neno hilo, nikaja kuelewa. Kiswahili chake ni cha jikoni kwao, ni kile alichomsikia mama yake akiwaambia wapishi. Ana lete, ana toa, ana fagia, ana ngoja. Hana naomba. Hana pole. Samahani hajawahi hata kukutana nayo njiani. Lugha yote hii yenye salamu za kutwa nzima, yeye kaokota amri tu, kama mtu aliyeingia sokoni akatoka na kamba za vifurushi.

Basi huyo ndiye aliyetoa masharti ya nguo. Zisiwe na buluu hata uzi. Zisilie. Zisimeremete. Ziwe na mabaka ya majani makavu. Shabani akasema, mama twende dukani wote, wewe unajua vitambaa. Ni kweli. Shule niliachia darasa la nne, lakini kwenye kitambaa hanidanganyi mtu.

Ila mabaka, jamani.

Sisi tuliokulia Tanzania tunajua mabaka ni ya nani. Mnamkumbuka Selemani fundi baiskeli? Alipata suruali ya kombati kwenye mitumba, akajiona. Wenyewe wanajeshi wakamkuta nayo. Alibiringika kwenye tope mbele ya wateja wake, akarudi nyumbani na kanga ya kuazima. Tangu siku ile mimi hata mfuko wa mabaka sishiki. Sasa mwanangu ananiingiza duka lenye ukuta mzima wa hizo nguo. Ukuta mzima. Makoti, suruali, soksi, vifuniko vya chupa ya chai. Kuna mpaka ya mtoto mchanga, na chuchu yake ya kunyonya ina mabaka. Huyo mtoto anajificha asionwe na nani?

Muuzaji ni mwanamume wa makamo, ndevu zimechongwa kama ukingo wa bustani. Anasema taratibu, kwa sauti ya msibani, kama vile paa yupo stoo anasikiliza. Anasema huyu mnyama ana akili sana. Nikamwambia Shabani, muulize ukubwa wake. Muuzaji akaweka mkono kwenye paja.

Mbuzi.

Watu wazima wenye nyumba na wajukuu wanajivisha miti kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa mbuzi.

Nguo ya kwanza aliyoitoa ilikuwa kijani mbichi, kijani cha mchicha. Nikauliza, majani ya huko msituni sasa hivi yana rangi gani? Muuzaji akanitazama, akairudisha. Ya pili ilikuwa imechorwa vijiti na majani madogo madogo, kazi nzuri, unaweza kuhesabu mishipa ya jani. Anaisifia. Mimi nikaichukua, nikaenda kuitundika mwisho wa duka, nikarudi nyuma, nikafumba jicho nusu, hivi tunavyofanya tukichagua kanga. Kwa mbali ikawa gunia tupu. Mnajua wenyewe, kanga ya maua madogo ukiwa mbali inakuwa rangi moja, aliyeivaa anaonekana mwili wote kama mtungi. Ya mabaka makubwa inakukata vipande, bega linakwenda huku, kiuno kule. Nikamwonyesha ile iliyokuwa chini kabisa, mabaka makubwa ya udongo na majivu na majani yaliyokufa. Nikasema hii.

Muuzaji akasema, "Madame anawinda?"

Shabani akacheka. "Hapana. Madame anavaa kanga."

Kisha nikaikunja ngumini kusikia sauti yake. Kwaru kwaru. Nikasonya, na safari hii nilisonya kwa sauti. Mnyama mwenye masikio kama majani ya mgomba, wao wanamwendea na nguo inayolia kama karatasi ya maandazi. Tukatafuta yenye mabaka yaleyale, kitambaa kimepigwa manyoya ndani, laini, haisemi kitu. Vifungo vya mifuko navyo vilikuwa vya chuma kinachong'aa. Nikasema hivyo nitavibadilisha mwenyewe kwa vya plastiki nyeusi. Muuzaji kwa hapo alikuwa ameshaacha kutushauri, anatufuata tu.

Lakini mdomo haukukaa. Akaleta wavu wa uso na kopo la rangi ya kujipaka. Akaeleza kwamba uso wa mtu unang'aa sana msituni, ni kama sahani, paa anauona kwanza kabla ya chochote. Alikuwa anamweleza Shabani, ameshafungua na kopo. Halafu akamwangalia vizuri mteja wake. Akasema, "Bon. Kwako wewe labda..." Akafunika kopo.

Mimi nikamtazama. Nikamtazama mpaka akaenda kupanga soksi.

Shabani tulipotoka alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Mimi sikucheka. Kumbe mwanangu hata bila nguo zao haonekani. Sijui kwa nini neno lile limenikaa.

Kuna na sabuni. Hii ndiyo niliyoidharau kuliko vyote. Wanauza sabuni ya kufulia ambayo kazi yake ni kutonukia. Sabuni zetu za kawaida eti zina dawa ya kung'arisha, macho yetu hayaioni ila paa anaiona, nguo inawaka kama taa ya buluu. Inawezekana. Lakini mtu utoke nyumbani kwako ukanunue harufu ambayo haipo? Mama, wewe ulikuwa unafua nguo za baba za msituni kwa maji ya mto na majivu. Ulikuwa na duka kubwa hujui.

Ila kitu kimoja alikisema yule mwenye ndevu nikakishika. Nilimuuliza habari ya kofia za rangi ya chungwa zilizokuwa zinawaka pale mlangoni. Akasema hizo ni za kusaka kwa kundi, watu wengi na mbwa, sheria inataka kila mtu avae ili wasipigane risasi. Nikauliza, na paa haioni? Akasema paa hajui chungwa. Kwake rangi hiyo ni kama kijani iliyochakaa.

Nikamuuliza mara mbili. Shabani akatafsiri mara mbili. Ndiyo, madame, haioni.

Sasa hebu nisaidieni, mimi niliyeachia darasa la nne. Kama chungwa paa haioni na mtu anaiona, kwa nini kila mtu asivae chungwa siku zote? Wanajificha wasionwe na nani?

Nilinunua kofia ile.

Tuliporudi tulipita Matonge, mtaa wa Wakongo pale Ixelles, nilikuwa na miadi ya kusuka kwa Maman Gode, Mkongo wa Bukavu, rafiki yangu tangu nifike. Mfuko nikauweka kwenye kiti. Akauchungulia, kitana kikabaki hewani.

"Mama Shabani, hii ni nguo ya basoda." Yaani wanajeshi.

"Ni ya paa."

"Paa ni nani?"

Nikamweleza. Akakaa. "Kwetu tukiona hii mabaka tunakimbiaka, hatuulizi ni ya nani. Na hapa bazungu banaivaa juu ya mbuzi?"

"Kwa ajili ya mbuzi, Maman Gode."

"Tosha mufuko ku kiti yangu. Baclients batafikiri vita imefika Ixelles."

Tukacheka mpaka akakosea msuko. Lakini aliponimalizia aliniinamia sikioni akasema, "Maman, ule muzee mukono yake inatetemeka, ulinambiaka. Donc mutoto asikae mbele yake." Hakucheka aliposema hivyo. Yeye amewahi kuona zaidi yangu, sipendi kumuuliza.

Alhamisi Bwana Gustavu akaja kukagua. Safari hii alipiga hodi, yaani aligonga ukuta. Shabani akavaa, akasimama katikati ya sebule kama kichaka kilichopotea njia. Mzee akamzunguka. Akakishika kitambaa, akakikunja kama nilivyokikunja mimi, akasikiliza. Akagusa vifungo vyangu vyeusi.

"Nani alichagua hii?"

"Mama," Shabani akasema.

"Muzuri." Hakuniangalia. Kisha akaiona kofia ya chungwa mezani. "Hii toa."

Nikasema, "Paa haioni hiyo, Bwana Gustavu."

"Nyama hapana ona. Batu banaona. Rafiki yangu iko pori ya karibu. Ule atacheka mwaka muzima. Tunavizia, hapana saka na kundi. Tukivizia hapana chungwa."

Basi nikapata jibu langu. Kujificha kote huko si kwa ajili ya paa. Paa angeweza kufuatwa na mtu aliyevaa chungwa kichwani akawa hajui. Wanajificha wasichekwe na mzee mwingine wa pori la pili. Mwanangu aingie mbele ya mtutu bila alama kwa sababu ya kicheko cha mtu nisiyemjua hata jina.

Nilimwambia. Sikupandisha sauti. Nilimwambia baba yangu alikuwa msasi, amewalisha watu wa Handeni miaka ya njaa, na mabaka hakuyajua. Alikuwa na shati moja la kaki lililokwishafanana na ardhi. Majivu kidogo kwenye kitambaa kiunoni, anayapukuta kuona upepo unakokwenda. Siku mbili kabla hagusi sabuni. Alikuwa akituambia mnyama haoni nguo, anaona kutikisika, na hata kutikisika husamehe. Harufu hasamehi. Na kijana wa kumfuata alimweka nyuma yake, daima nyuma, mkono ukimfikia.

Mzee alisikiliza. Sijui alielewa kiasi gani, mimi nikikasirika Kiswahili changu kinakimbia. Akanyanyua kahawa, kikombe kikalia. Akasema, "Nyuma hapana ona njia ya pili." Akainuka. Kofia ikabaki mezani.

Sasa inakuja sehemu ambayo Mwajuma nilitaka kukuambia uiruke, halafu nikaona haina maana.

Jana Ijumaa, baada ya kutoka kazini, nilizifua zile nguo kwa sabuni yao isiyonukia. Nikazianika. Zikakauka jioni juu ya kipasha joto. Nikazikunja. Na mkono wangu, wenyewe tu kwa mazoea, ukafungua kabati ukatoa chetezo. Kijana anakwenda na babu mkwe. Nguo mpya. Zitatokaje ndani ya nyumba yangu hazijafukizwa? Sijawahi kumtoa mtu wangu kwenda ukweni bila udi, hata marehemu baba yake siku ile ya mwisho nilimfukizia koti la kwenda hospitali. Nikaweka kaa, nikaweka udi ule mzuri wa shangazi, nikatandaza koti juu ya tenga.

Moshi ulipoingia kwenye mikono ya koti ndipo nikakumbuka. Baba, usiku wa kuamkia mawindo, alilala nje kwa sababu mama alikuwa amejifukiza.

Hapo ningeondoa nguo.

Sikuondoa.

Nilisimama pale, shajara yangu, nikafikiri kwa akili timamu kabisa. Paa akiisikia harufu hii atahama wilaya. Paa asipokuja, mzee hana cha kulenga. Asipokuwa na cha kulenga, mikono yake inaweza kutetemeka itakavyo. Nikaongeza udi. Nikafukiza suruali, nikafukiza wavu wa uso, nikafukiza soksi. Nguo iliyochaguliwa kwa akili zangu zote isionekane, nimeitia sauti ya puani inayosikika kilomita nzima.

Nilijua ninachokifanya. Mzee atashinda msituni bila kuona hata mkia. Atarudi amechukia. Atasema kijana ananuka, hajui pori, na neno analolingoja mwanangu mwaka wa pili sasa halitatoka. Klemansi atalia. Pengine nimemvunjia mwanangu nyumba yake kabla hajaijenga.

Nikapima. Kijana asiye na mke hurudi nyumbani kula. Ndivyo nilivyopima, Mungu anisamehe.

Alfajiri Shabani alivaa hapa ukumbini. Akafunga zipu mpaka kidevuni, akavuta pumzi, akasimama.

"Mama. Umefukiza."

"Unakwenda kwa wakwe."

Alinitazama. Shabani ana macho ya babu yake msasi, yakikutazama unajihisi umetikisika. Nikangoja avue. Hata ningefurahi avue, agombe, achelewe, gari limwache. Akainama akaniegemezea paji lake la uso kwenye utosi, akasema, "Basi leo tutakaa kimya tu, mimi na mzee." Akatoka. Ngazi zote tatu zikanukia harusi.

Alijua. Akazivaa hivyo hivyo.

Sasa nimebaki na dharau yangu niipeleke wapi? Asubuhi nzima nimekuwa nikiwasonya, yule mwenye ndevu na kopo lake, mzee na kicheko cha rafiki yake, paa mwenyewe na umbo lake la mbuzi. Na kila nikisonya najiona mimi na chetezo mkononi. Wao wanamdanganya paa. Mimi nilitaka kuwadanganya wote, aliyeelewa akawa yuleyule niliyemdanganya.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, simu ikalia.

Ni Klemansi. Anasema babu yake alitembea mpaka barabarani ambako mtandao unashika, akamtumia picha na sauti, akazima tena. Picha imepigwa kutoka juu ya dungu. Hajui ilipigwa saa ngapi. Amenirushia vyote viwili.

Nimesikiliza sauti kwanza. Upepo, kikohozi, halafu mzee anacheka chinichini. Anasema, "Mama, tafuta mutoto yako."

Basi. Hakuna kingine.

Nimeifungua picha. Kuna majani makavu, magogo mawili, mti mmoja mweupe, kinjia kinakwenda kulia, majani tena. Nikasema huyu mzee amepiga msitu mtupu anichezee. Nikavaa miwani. Nikakuza kwa vidole, nikaanza pembe ya juu nikashuka mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. Kila kivuli nimekiuliza. Kuna mahali chini ya gogo nikadhani ni bega, nikakuza zaidi, ni gome. Nikadhani ni goti, ni jiwe.

Nimemzaa. Nimemwosha, nimemvisha, namtambua kwa kikohozi tu akiwa ghorofa ya chini. Nguo nimechagua mimi, mabaka nimeyapima kwa jicho langu. Nimemtafuta dakika arobaini na sijamwona.

Na mimi natazama nikijua yupo.

Klemansi anasema, mama usijali, babu anacheka, maana yake kila kitu ni sawa. Labda. Mzee anaweza kuwa anacheka kwa furaha, labda ameshampenda, labda neno limeshatoka huko kwenye majani na mimi silijui. Lakini alitembea mpaka barabarani. Alimwacha pale, sasa anarudi dunguni, anakaa, anashika bunduki, anatazama chini. Anatazama hiki hiki ninachotazama mimi.

Picha nimeiweka hapa chini ya maandishi. Dada Mwajuma, acha kusoma, izungushe simu kwa wote. Wapeni na watoto, macho yao ni mapya. Mwenye kumwona aweke kidole asikiondoe, mniandikie upesi, sasa hivi, msingoje kunywa chai. Niambieni tu ni upande gani.